Kutetea haki za uzazi mbele ya mimbari na mbele ya kamati: tuliyojifunza Nairobi

Ukialikwa kwenye mjadala wa haki za afya ya uzazi hapa Nairobi, usianze kwa kuuliza mada. Uliza nani ataketi upande wa pili, nani atakuwa anasikiliza, na nani mwenye uamuzi wa kufanya watu wakishaenda zao. Kipindi cha redio cha saa moja asubuhi, semina ya wachungaji katika ukumbi wa kanisa kule Umoja na kikao cha Kamati ya Afya ya Bunge la Kitaifa havifanani hata kidogo. Anayebeba hotuba moja akaizungusha kote huko huharibu kote.

Aliyeketi kukupinga ni nadra sana abadili msimamo palepale mezani. Askofu hataacha mafundisho ya kanisa lake mbele ya kamera, hata kama juzi faraghani alikiri kwamba mambo ni mazito kuliko yanavyosemwa mimbarini. Mbunge naye anahesabu kura. Kwa hiyo maneno yako mwelekezee mtu wa tatu: utingo aliyefungulia redio kwenye matatu, muuguzi wa zahanati anayejiuliza kama atakamatwa akimhudumia binti aliyebakwa, karani wa kamati anayenukuu utakachosema kiingie kwenye ripoti. Hao hawana cheo cha kulinda pale. Ukilishika hilo, hata hasira hupungua, maana huna haja tena ya kumshinda aliye mbele yako.

Katiba iwe mkobani

Beba kijitabu cha Katiba ya 2010, kurasa zimekunjwa kwenye vifungu vya 8, 26, 27, 32 na 43. Simu huisha chaji, na msikilizaji humwamini zaidi mtu anayesoma kutoka kwenye kitabu kuliko anayepekua kioo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na huduma za afya ya uzazi zimetajwa humo kwa jina. Cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Cha 27 ni usawa. Cha 32 ni uhuru wa dini na dhamiri, nacho usikiache nyumbani kwa kudhani ni cha wapinzani tu. Kinamlinda pia Mkristo au Mwislamu anayetofautiana na kiongozi wake.

Kifungu cha 26 ndicho kinachowaangusha wengi. Kinaanza kwa haki ya kuishi, kisha katika sehemu ya pili kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Sehemu ya nne inasema kuavya mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama yamo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mtetezi anayefungua kinywa kwa kusema kwamba Katiba imehalalisha kutoa mimba atasomewa sehemu ya pili, na muda wote uliosalia atakuwa mwongo machoni pa wasikilizaji. Anayepinga kwa kusema Katiba imekataza kabisa naye amekosea, lakini huwezi kumrekebisha ikiwa wewe mwenyewe umeanza kwa kutia chumvi. Soma sehemu zote nne, kwa sauti, bila kuruka. Kisha uliza swali moja: nani anayetoa maoni hayo? Kifungu kinamtaja mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Hakikuandika daktari peke yake, wala polisi.

Ukiisha kusoma Katiba, eleza kwa nini muuguzi bado anaogopa. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 158 hadi 160, bado ina makosa ya kuavya mimba kama yalivyoandikwa zama za ukoloni. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa viwango vya kupunguza madhara ya utoaji mimba usio salama mwaka 2012, ukaondolewa Desemba 2013. Wahudumu wakabaki bila karatasi ya kuegemea. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba aliyepata mimba kwa kubakwa anaweza kuhudumiwa ikiwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, maisha au afya yake imo hatarini. Kesi hiyo ilihusu msichana aliyetajwa kwa herufi JMM tu, ambaye alikuwa ameshafariki mwaka 2018, kabla ya uamuzi kusomwa. Taja herufi hizo na usiongeze neno. Watu huwa na hamu ya kujua alikuwa wa wapi na wa nani, na hapo ndipo mtetezi mzembe humvua marehemu stara aliyopewa na mahakama.

Uangalifu uo huo unahitajika kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 24 Februari 2023. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema bodi ya kusajili mashirika ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, kesi iliyoanzia kwenye ombi la 2013. Lililoamuliwa ni uhuru wa kujumuika. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kuadhibu ngono ya jinsia moja, hakikuguswa. Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kukifuta Mei 2019. Ila wiki ile mahubiri mengi yalisema ushoga umehalalishwa, na baadhi ya waliofurahi wakasema vivyo hivyo. Walioumia ni wale waliofukuzwa na wenye nyumba kwa jambo ambalo mahakama haikusema. Ukiulizwa redioni, jibu kwa sentensi mbili: mahakama ilisema nini, na haikusema nini.

Takwimu chache, zenye chanzo

Tatu zinatosha kwa mjadala mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba, Samburu ikiwa asilimia 50 na Nyeri na Nyandarua asilimia 5. Tofauti hiyo ya kaunti ina nguvu kuliko wastani wa taifa, kwa sababu inauliza Nyeri kuna nini ambacho Samburu hakuna: shule zilizo karibu, zahanati, umri wa kuolewa. Msikilizaji anaweza kuendelea kuifikiria peke yake akifika kazini.

Tahadhari na takwimu inayokuja ikiwa moto kutoka gazetini. Juni 2020 ilienea habari kwamba karibu wasichana 4,000 wa Machakos wamepata mimba kwa miezi mitano, na kila mtu akasema ni kwa sababu shule zimefungwa. Hesabu ile ilitoka kwenye kliniki za wajawazito, ikawajumlisha wa miaka 10 hadi 19, kwa hiyo hata mke wa mtu mwenye miaka 19 alikuwemo. Halafu tazama kalenda. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Msichana aliyefika kliniki Februari akiwa na mimba ya miezi minne alishika mimba shule zikiwa wazi. Waliokuwa wakidai elimu ya afya ya uzazi waliishika takwimu ile kwa mikono miwili, wapinzani wakaipangua kwa dakika moja, na tatizo la kweli likaonekana la kubuni. Kabla ya kutaja namba yoyote, jiulize ilihesabiwa wapi, umri gani, na mwezi gani.

Kwa wachungaji na masheikh

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na watu wengi huifanya siku moja kabla ya mkutano. Nenda wiki mbili kabla. Nenda na mtu wa kanisa lile au msikiti ule: nesi anayeimba kwaya, mwalimu wa madrasa, mama wa chama. Mwombe kiongozi dakika ishirini, umweleze utakachosema na utakachokataa kusema, na umuulize yeye anaogopa nini. Asikutane na hoja yako mara ya kwanza mbele ya waumini wake, kwa sababu akishtuka hadharani atalazimika kukukanusha hadharani.

Ratiba nayo huharibu mambo kimyakimya. Ijumaa adhuhuri usipange kitu Eastleigh wala South C. Jumamosi umewapoteza Wasabato. Alasiri ya Ramadhani watu wamechoka na mwenyeji ataona umemdharau ukileta chai. Ukiandaa mkutano wa dini zote, dua ya kufungua na ya kufunga zigawanywe kabla, na majina yaandikwe kwenye ratiba. Kuna kikao kizuri kinaweza kuvunjika dakika ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeombwa kuomba.

Usimsomee sheikh Qur'ani wala padri Biblia. Hata ukiwa umepatia aya, umejiweka kwenye uwanja wake na hadhira itamtazama yeye aamue kama umesoma sawasawa. Ila ujue dini zenyewe zinasema nini, ili usizisingizie. Waanglikana walianza kukubali upangaji uzazi kwa masharti kwenye mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth mwaka 1930. Kanisa Katoliki linakubali njia za asili tu, msimamo uliowekwa wazi na waraka wa Papa Paulo wa Sita mwaka 1968. Katika Uislamu, wanazuoni wengi wanaoruhusu kupanga uzazi hurejea hadithi ya Jabir kwamba masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje, zama za Mtume huku Qur'ani ikiteremka, na suala la siku 120, pale roho inapopulizwa, limezua mjadala mrefu kati ya madhehebu. Kwa hiyo mtu akisema dini zote zinapinga uzazi wa mpango, unaweza kusema kwa adabu, "Sheikh wetu hapa atatueleza vizuri kuhusu azl," ukanyamaza. Kama ulimtembelea wiki mbili kabla, ataeleza. Kauli ile ikitoka kwake ina uzito ambao yako haitaupata kamwe.

Kwa ukeketaji, hasa mitaa ya Eastleigh, mazungumzo huanza na dai kwamba kile kidogo kinachoitwa sunna hakina neno. Sheria ya 2011 haikuacha aina yoyote, na inamshika pia anayemvusha mtoto mpaka kwenda kukatwa nje ya nchi. Mahakama Kuu iliitetea sheria hiyo Machi 2021, daktari mmoja alipoomba ifutwe ili wanawake watu wazima waweze kuchagua. Lakini usilete sheria kwanza. Mlete mkunga, aeleze mbele ya kina mama kinachotokea wakati wa uchungu wa kuzaa kwa aliyeshonwa, aeleze pia maumivu ya kukojoa kwa muda mrefu kupita kawaida. Sheria ije mwishoni, na imtaje anayekata, anayelipa na anayefungua mlango. Wengi hudhani ngariba tu ndiye mwenye kosa.

Yapo mambo ambayo viongozi wengi wa dini watasimama nawe bila kusita: mtoto kunajisiwa, msichana aliyezaa kurudi shule, taulo za hedhi shuleni. Sera ya kuwarudisha shule wasichana waliozaa ni ya 1994, ikafuatwa na mwongozo mpya mwaka 2020, na sheria ya taulo za bure ni ya 2017. Anzia hapo. Ila usiyatumie kuficha yale magumu. Ukiulizwa juu ya kondomu ukajibu kuhusu taulo, umegundulika.

Redioni, dakika ya kwanza

Kabla ya kuingia studio muulize mtangazaji kama laini za simu zitafunguliwa, na saa ngapi. Maswali yatakuwa yaleyale: mnataka kuwafundisha watoto kufanya, mnalipwa na wazungu, mnaleta ushoga, mnaua. Andika jibu la kila moja kwenye kadi, lisizidi sekunde thelathini, na ulisome kwa sauti nyumbani mpaka lisisikike kama linasomwa.

Hili la watoto hutokea hivi. Pasta anasema, "Dada yangu, mtoto wa darasa la nne ukimwambia mambo ya kondomu umemfungulia mlango." Majibu mabaya ni mawili: kucheka, na kuanza kusoma orodha ya mikataba ambayo Kenya imetia saini. Lililo bora ni kukubali kwanza kwamba woga wake ni wa mzazi: "Pasta, hata mimi sitaki mtoto wa miaka kumi afundishwe kondomu. Wa miaka kumi anafundishwa kwamba mwili ni wake, na mtu mzima akimgusa vibaya amwambie nani. Hilo ungependa afundishwe na nani, mwalimu, wewe, au mtu atakayekutana naye njiani?" Jibu hilo halikukwepa kitu. Lina umri, lina mambo yanayofundishwa, na linamwachia pasta nafasi ya kusema kanisa lake litafanya nini. Akiendelea kushambulia, wasikilizaji wataona aliulizwa swali la mtoto akajibu la siasa.

Swali la wazungu lijibiwe kwa ukweli. Kama mradi wako unafadhiliwa kutoka nje, sema. Kisha rudi kwenye tarehe 4 Agosti 2010, siku ya kura ya maoni ya Katiba: makanisa mengi makubwa yalipiga kampeni ya kadi nyekundu, yaani hapana, kwa sababu ya kifungu cha 26 na mahakama za Kadhi, na bado takriban asilimia 67 ya waliopiga kura walichagua kijani, yaani ndiyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ilipelekwa bungeni mwaka 2006 na mbunge Mkenya, Njoki Ndung'u, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu. Kumrudishia mpinzani kwamba naye anafadhiliwa kutoka nje kunaweza kuwa kweli, ila redioni husikika kama kelele za wawili wanaogombania noti. Novemba 2019, mkutano mkubwa wa idadi ya watu ulipofanyika katika jumba la mikutano la KICC, hoja ya ajenda ya kigeni ilimeza wiki nzima, na waliojitetea kwa kulaumu wafadhili wa upande wa pili waliisaidia iendelee kumeza.

Bungeni wanasoma jedwali

Mswada ukichapishwa, kamati hutangaza magazetini kwamba inapokea maoni. Muda huwa mfupi, mara nyingine siku chache tu, kwa hiyo anayengoja tangazo ndipo aanze kusoma mswada amechelewa. Andika waraka wa kurasa tatu au nne. Ukurasa wa kwanza useme ninyi ni nani na mnaomba nini. Zinazofuata ziwe jedwali la safu nne: kifungu, kinavyosema sasa, tunavyopendekeza kiseme, sababu. Tuseme mswada umeandika kwamba huduma fulani itatolewa na daktari. Pendekezo lako linaandika maneno kamili ya kubadilisha, "mtaalamu wa afya aliyefunzwa", na kwenye safu ya sababu unaandika mistari mitatu: hayo ndiyo maneno ya kifungu cha 26(4), zahanati nyingi zinaendeshwa na wauguzi na maafisa wa kliniki, na sheria ya Bunge haiwezi kubana zaidi ya Katiba. Karani anaweza kulinakili hilo moja kwa moja kwenye ripoti. Waraka wa kurasa ishirini wenye utangulizi wa historia ya haki duniani hausomwi; unapigwa muhuri na kuwekwa.

Peleka kwa mkono pamoja na barua pepe, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Ripoti ikitoka bila maoni yako, muhuri huo ndio ushahidi wa kudai kwamba ushirikishwaji wa umma, unaodaiwa na kifungu cha 118, haukufanyika sawasawa.

Ukitaka kuanzisha jambo wewe mwenyewe, kifungu cha 119 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na sheria ya utaratibu wake ya 2012 ina masharti madogo yanayowatoa wengi nje. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lisiwe na maneno yaliyofutwa au kuongezwa juu, liseme kama umeshajaribu kulipeleka kwa ofisi husika na ilijibu nini, liseme kama jambo liko mahakamani, limalizike kwa kueleza unachoomba hasa. Kila atiaye saini aweke jina, anwani na namba ya kitambulisho. Karani ana siku saba za kulikagua. Kosa la kawaida ni karatasi za saini zisizo na kichwa cha ombi juu yake: zinaonekana kama zilikusanywa kwa jambo jingine.

Mapatano nayo yana gharama. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilipita baada ya kukatwa. Ubakaji ndani ya ndoa uliondolewa, na hadi leo kifungu cha 43(5) cha sheria hiyo kinawatenga watu waliooana kisheria. Kikaingizwa kifungu cha 38, kilichomtisha mlalamishi kwa adhabu sawa na ya kosa alilolalamikia iwapo madai yangeonekana ya uongo. Kilifutwa baadaye, 2012. Wapo wanaosema ilikuwa afadhali kupata nusu. Nakubaliana nao, kwa sababu bila sheria ile hata adhabu za kunajisi watoto zingebaki dhaifu. Lakini kilichoachwa mezani mwaka 2006 kwa ahadi ya kurudiwa hakijarudiwa. Kabla ya kuingia kwenye mazungumzo, kundi lenu liandike karatasini lipi halitolewi, lipi linaweza kubadilishwa maneno, na lipi mko tayari kulingojea miaka ishirini. Mkiliamua hilo mkiwa tayari koridoni na mbunge ameshika simu, mtakosana wenyewe kwa wenyewe.

Miezi kumi na minane kabla ya uchaguzi usitegemee saini mpya ya mwanasiasa. Huo ni wakati wa kuwaandaa watumishi wa kamati, ambao hubaki wabunge wakiondoka.

Maandamano, na usalama wa watu

Sheria ya Utaratibu wa Umma inadai taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Iwe na jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na njia mtakayopita. Hiyo ni taarifa, hamuombi kibali. Afisa akisema "sijawapa ruhusa", mwonyeshe nakala iliyopigwa muhuri. Aliyeandikwa jina awe mtu anayeweza kupokea simu siku nzima, na wakili ajue tangu jana yake kwamba huenda akahitajika.

Simulizi za walionusurika zina nguvu, na ndiyo maana hutumiwa vibaya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya na mwelekeo wa kijinsia kuwa taarifa nyeti. Ridhaa ya kusimulia kwenye chumba cha watu thelathini haimaanishi ridhaa ya kurekodiwa, na ya kurekodiwa haimaanishi ya kupandishwa mtandaoni. Uliza mara tatu, siku tofauti, na mpe nafasi ya kukataa asubuhi ya mkutano bila kumkasirikia kwa sababu ukumbi umelipiwa. Kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi usiweke majina ya wanusurika. Makundi hayo huvuja, na mara nyingi anayevujisha hana nia mbaya, amemtumia dadake tu.

Karibu kila mkutano wa wazi humalizika kwa mtu kukuvuta kando. Awe na pa kwenda. Beba kadi zenye namba 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto, pamoja na jina la kituo cha afya kilicho karibu na ukumbi ambacho umethibitisha wiki ile kwamba kina dawa. Aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia HIV ndani ya saa 72, na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120 ingawa kadiri anavyochelewa ndivyo kinavyopungua nguvu. Aende hospitali kwanza. Fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyebakwa, hujazwa huko, na ya P3, ya polisi ya kuthibitisha majeraha, inaweza kufuata. Asioge, na nguo zake azifunge kwenye mfuko wa karatasi, maana za plastiki huozesha ushahidi. Wengi hupoteza siku ya kwanza wakizungushwa kituoni kwa kuamini kwamba bila P3 hawatatibiwa.

Kaunti, ambako hakuna kamera

Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali kama Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki hazisimamiwi na wizara. Mjadala mkali wa redio kuhusu upangaji uzazi unaweza kushindwa na mstari mmoja wa bajeti ambao haukuandikwa City Hall, makao ya serikali ya kaunti. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kliniki zilizokuwa zikitegemea vifaa vya wafadhili zilijikuta zikiiuliza kaunti swali ambalo halikuwahi kupangiwa fedha.

Kalenda yake inajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Nairobi ina wadi 85, na kwenye vikao vya maoni vya wadi nyingi watu huzungumzia barabara, mataa na mitaro ya maji taka. Wanawake kumi wakifika wakiwa na ombi moja lenye kiasi, kwa mfano sindano za miezi mitatu na vijiti vya kupanga uzazi vya kutosha zahanati yao kwa mwaka, litaandikwa, kwa kuwa hakuna anayelipinga na hakuna kamera ya kumfanya mtu apinge. Hata pasta aliyewasha moto redioni huwa hayupo pale. Omba mstari huo usimame peke yake. Ukichanganywa ndani ya "afya ya msingi" hutaweza kujua mwaka ujao kama fedha zilitumika. Na mwelekeo wa Februari ukipita bila ya fungu hilo, makadirio ya Aprili yatapangwa ndani ya kikomo kilekile, na nafasi inayofuata ni bajeti ya ziada, ambayo MCA (wawakilishi wa wadi) wengi huwa wameshaigawa kabla haijasomwa.